Muziki wa Kijiji cha Mvua

Tangu aoe, fundi makochi hakuwahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi. Mkewe ndiye aliyemnyoa. Alimkalisha uani juu ya stuli, akamfunga shuka shingoni, akamnyoa kichwa na ndevu, na muda wote huo alikuwa akiimba puani wimbo ule ule usio na maneno. Fundi aliujua wimbo ule kama alivyojua mlio wa mlango wake. Unapanda kidogo, unasita, unashuka taratibu kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu, kisha unarudi ulikoanzia. Hakuwahi kuuliza ni wimbo gani. Aliona ni wa mkewe, kama pua ilivyo ya mkewe. Na kwa kuwa kichwa kilichonyolewa kilikuwa chake, aliona wimbo ni wake pia.

Mkewe akafa. Aliingia hospitali na kikohozi, wakasema atatoka, hakutoka.

Msiba ukaisha, viti vya kukodi vikarudishwa, binti yao akarudi kwa mumewe. Fundi akabaki na ndevu. Akajaribu kujinyoa, akajikata kidevuni. Mteja mmoja aliyeleta kochi akamtazama, akamwuliza kama anaumwa. Basi siku hiyo akavuka barabara kwenda kwa kinyozi.

Hakuvuka kwa moyo mweupe. Yeye na kinyozi walikuwa wakijuana kwa salamu tu, na salamu yenyewe fundi aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Sababu ilikuwa chumba cha nyuma. Nyuma ya kiti cha kunyolea palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia chumba chenye televisheni za chogo zilizopangwa ukutani, watu wakija kukodi muda wa kucheza gemu. Humo ndimo mkewe alimoshinda alasiri zake. Akimaliza kushona, akifunika cherehani, anajitupia khanga na kuvuka. Mtaa mzima ulimwita Mama Gemu. Fundi hakulipenda jina lile hata kidogo. Mwanamke ana mume, ana binti, ana cherehani yake, halafu anaitwa kwa jina la kitu kilichomo chumbani kwa mwanamume mwingine. Tena mwanamume mwenyewe hajaoa. Kinyozi alikuwa mzee mwenzake, mrefu, mkimya, na watu walishachoka kumwuliza kwa nini hana mke.

"Karibu, fundi," kinyozi akasema. "Pole sana. Shemeji ametuacha."

"Shemeji wa nani? Mimi na wewe tumekuwa ndugu lini?"

Kinyozi akavuta kiti. Akamfunga kitambaa, akaipangusa mashine kwa spiriti, akaanza na kisogo. Alifanya kazi vizuri, na hilo nalo lilimuudhi fundi. Alipofika nyuma ya sikio, pale ambapo mkono lazima utulie, akaanza kuimba puani. Unapanda kidogo. Unasita. Unashuka taratibu.

Fundi akainuka na kitambaa shingoni.

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Wimbo gani?"

"Huo uliokuwa ukiimba."

"Kwani nilikuwa naimba?" Kinyozi akazima mashine. "Samahani. Mdomo umezoea."

"Huo ni wa mke wangu."

"Ni wa gemu, fundi."

"Nimekuambia ni wa mke wangu."

"Ni wa gemu. Ni muziki wa kijiji cha mvua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuusikiliza." Kinyozi akaonyesha kiti. "Keti nikumalize. Ukitoka hivyo watu watadhani nimekufukuza."

Fundi akatoka hivyo hivyo, upande mmoja kipara na upande mmoja msitu. Siku ile na iliyofuata alifanya kazi amevaa kofia, na joto lote lile la karakana.

Alipokuwa akipigilia misumari, alijaribu kukumbuka mkewe alikuwa amemwambia nini kuhusu mambo ya gemu. Alikuwa amemwambia mengi, hilo alilijua. Lakini fundi makochi hufanya kazi akiwa na misumari mdomoni, na mtu mwenye misumari mdomoni huitikia "mm" kwa kila kitu.

Alikumbuka hadithi ya mafuta ya taa. Mkewe akiwa msichana alitumwa dukani na chupa. Mbele ya duka palikuwa na mashine ya kusimama, kubwa kama kabati, yenye kioo cha televisheni, na wavulana waliizunguka wakicheza. Wavulana waliangalia picha. Yeye alisimama nyuma yao asione kitu, akasikia muziki tu. Alisema ulikuwa na sauti tatu, wala si zaidi, kama watu watatu waliofungiwa ndani ya debe na kukubaliana kuimba. Akasahau mafuta, akasahau chupa, akasahau kwao. Mama yake alikuja kumchukua kwa sikio. "Nilivutwa sikio lile lile nililokuwa nasikilizia," alipenda kusema, na kila aliposema alicheka upya.

Alikumbuka pia kwamba hakupenda gemu za mpira. Hizo, alisema, huazima nyimbo za redioni, na gemu inayoazima nyimbo ni kama bibi harusi aliyeazima meno. Hilo fundi alilikumbuka kwa sababu alicheka hadi misumari ikamtoka.

Na baada ya hapo? Alipiga nyundo, akafikiri, hakupata. Mengine yote yalikwenda ng'ambo ya barabara. Kinyozi, ambaye kazi yake haimzuii kufungua masikio, ndiye aliyeyapata. Fundi aliona kama mtu aliyekuja kwenye mirathi akakuta vyombo vizuri vimeshachukuliwa na jirani.

Kichwa hakiwezi kukaa nusu. Akavuka tena.

Kinyozi hakumtania. Alimmalizia upande uliobaki, akampaka poda, akampangusa shingo, na safari hii alifumba mdomo kabisa. Kisha akasema, "Njoo uone kitu," akafunua pazia.

Mchana ule chumba kilikuwa kitupu. Palikuwa na mabenchi, na televisheni zimezimwa, na kwenye kona kiti kimoja cha mbao chenye mto. Fundi aliutambua mto ule papo hapo. Ulikuwa sponji iliyobaki kwenye kochi la mteja, akaikata yeye mwenyewe mkewe alipoiomba, na hakuuliza ya nini. Mbele ya kiti, juu ya sanduku, palikuwa na mashine ndogo ya gemu, imefunikwa kwa kitambaa cha maua kilichoshonwa pindo.

"Zile nyingine ni zangu," kinyozi akasema. "Hii ni yake. Aliinunua kwa pesa ya cherehani yake. Hakuna aliyeigusa, hata mimi."

"Kwa nini hakuiweka nyumbani?"

"Kwa sababu ya nyundo yako."

"Nyundo yangu imefanya nini?"

"Imepiga, fundi. Ingefanya nini kingine? Alisema huwezi kusikiliza muziki karibu na nyundo. Huku nyuma mashine yangu ya kunyolea haisikiki. Basi."

Fundi alimeza jambo hilo kama kidonge bila maji. Miaka yote alidhani mkewe anafuata kitu kwa kinyozi. Kumbe alikuwa akikimbia kitu kwake. Hakujua lipi baya zaidi.

Kinyozi akawasha. Kioo cha televisheni kikatulia, na hapo palikuwa na kijiji kidogo. Nyumba chache zenye paa za nyasi, kisima, mwanamke anayeuza mikate, na mvua nyembamba inayoshuka bila kukoma. Chini ya ukingo wa paa moja alisimama mtu mdogo mwenye joho la kijani, hafanyi lolote, anajikinga tu. Na muziki ukaanza. Unapanda kidogo, unasita.

Fundi akakaa kwenye ule mto bila kukaribishwa.

"Huyo mdogo ndiye yeye," kinyozi akasema kwa sauti ya chini. "Gemu hii alishaimaliza siku nyingi. Akaianza upya, akafika hapa, akasimama. Hakuendelea tena. Gemu nyingine alizicheza kushinda, hii aliicheza kukaa. Anawasha, anasikiliza, ananieleza, anazima, anaenda zake."

"Anakueleza nini?"

"Kila kitu." Kinyozi akaketi kwenye benchi, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo fundi hakuipenda. "Alisema muziki bora kwenye gemu ni wa dukani na wa vijijini, pale mtu anaponunua upanga au kulala. Aliyeutunga alijua hakuna atakayemsifu, ndiyo maana hakujikaza. Muziki wa kupigana na jitu la mwisho aliuita kelele za mtu mwenye wasiwasi. Na ule wa kushinda, mbaya kuliko yote. Alisema unashinda halafu unapigiwa tarumbeta kana kwamba umekuwa waziri. Gemu za siku hizi hakuzitaka. Zinakodi watu mia na vinanda, na zinalia kama msiba wa tajiri, wengi wapo na hakuna anayelia. Za zamani zilikuwa na sauti tatu tu..."

"Kama watu watatu ndani ya debe," fundi akamkatiza. "Hilo najua."

"Aa. Unalijua."

"Mimi ndiye mumewe."

Fundi akageukia kioo. Kwenye kona ya kioo palikuwa na herufi tatu. Fundi hakusoma sana, lakini A aliijua, na zilikuwa A tatu.

"Hizo ni nini?"

"Jina la yule mdogo. Gemu inakutaka uandike jina. Yeye alibonyeza tu herufi ya kwanza mpaka ikakubali. Alisema hakuja kuandikisha watu shule."

Fundi alishukuru kimoyomoyo kwamba si jina la kinyozi. Papo hapo akakasirika kwamba si lake.

"Naichukua," akasema. "Ni mashine ya mke wangu."

Kinyozi akainuka kwenye benchi. Kisha akainama, akachomoa nyaya moja moja, akaziviringa vizuri, akaifunika mashine kwa kitambaa chake cha maua. "Ni yako, sikatai," akasema. "Lakini nisikilize. Pale aliposimama pana upande mmoja tu wa kutokea, daraja. Ukilivuka, mto unalibeba, hurudi tena. Sikiliza muziki utakavyo. Tembea kijijini. Ila usivuke, na usisevu. Kusevu maana yake mashine inashika pale ulipofika wewe."

"Unanipangia mambo ya mke wangu?"

"Sikupangii. Nakuomba."

Fundi akaondoka na mashine kifuani. Mlangoni akarudi, akachukua na ule mto wa sponji.

Binti alipokuja kumtazama baba yake ndiye aliyeunga nyaya kwenye televisheni ya sebuleni. Alimfundisha kushika pedi ya vidude vya kubonyeza: huku unatembea, huku unaongea na watu, huku unafungua mlango. Alipomwona yule mdogo mwenye joho la kijani akaguna, akageuza uso kidogo.

"Mama na mvua yake," akasema. "Alikuwa ananiambia muziki utakaosikika mara elfu lazima uwe kama maji, usiwe kama soda."

"Alikuambia lini?"

"Siku zote, baba. Kwenye simu."

Hata binti, basi. Fundi akajiona wa mwisho kwenye foleni ya nyumba yake mwenyewe.

Lakini sasa alikuwa na kijiji. Kila alasiri, saa za mkewe, aliweka nyundo chini, akafunga karakana, akafunga na madirisha ya sebule. Joto lilikuwa la kupikia, lakini hakutaka muziki ule uvuke barabara ukamfikie mtu. Alikaa kwenye mto, akasikiliza. Alizungumza na mwanamke wa mikate, ambaye alisema neno lile lile kila siku kwa lugha asiyoijua. Alijifunza kwamba pale kisimani, ukisimama karibu, sauti moja kati ya zile tatu inasikika zaidi kuliko nyingine. Hilo hakuambiwa na mtu. Aliligundua mwenyewe, na alitaka kumwambia mkewe, akageuza shingo kabisa kabla ya kukumbuka.

Kwa muda hilo lilitosha. Kisha likaacha kutosha. Alipokuwa akisikiliza, sauti ya kinyozi ilimwingia kichwani, ule muziki wa dukani, ule msiba wa tajiri. Kijiji chote kilikuwa kimeshatembelewa. Chini ya kila paa alihisi kinyozi ameshakaa, amekunja miguu yake mirefu, anaelezwa. Fundi alipewa nyumba, sawa, lakini yenye harufu ya mpangaji aliyetangulia.

Alivuka barabara, akijifanya anataka kupunguzwa ndevu.

"Wewe uliwahi kuvuka lile daraja?" akauliza.

"Mimi? Mikono yangu mizito kwenye gemu. Sijawahi kufika hata hapo kijijini kwa nguvu zangu. Nilikaa benchi tu." Kinyozi akasita na mkasi hewani. "Kwa nini unauliza?"

"Naongea tu."

Basi kinyozi hakuijua ng'ambo ya daraja. Mkewe alimaliza gemu hii zamani, kabla ya kuianza upya, na alipita huko peke yake, muziki wote wa huko akausikia peke yake. Fundi alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma. Akienda huko, atakuwa na mkewe mahali ambapo kinyozi hakutia mguu.

Alasiri ile akamtoa yule mdogo chini ya paa. Mvua ikampiga. Akamvusha daraja, na nyuma yake mto ukajaa, mbao zikaondoka moja moja na maji. Muziki ukakatika. Ukaja mwingine, mzito, wa msituni, na fundi akakaa wima. Hakuupenda, lakini aliusikiliza mwanzo mpaka mwisho, aweze kusema kwamba hakuupenda. Wadudu wakubwa wakamjia. Akafa, akaanza tena kutoka kijijini, akavuka tena, akafa tena. Ile sauti ya kufa ilikuwa fupi, kama mtu anayekuambia pole bila kukaa, na hiyo aliipenda. Akajikuta akisema kwa sauti, "Hii imetungwa na mtu mwenye adabu." Alikuwa na maoni. Maoni yake mwenyewe.

Mwishowe akafika kwenye kibanda cha msituni chenye kitanda. Hapo mashine ikauliza swali. Fundi alilijua swali lile kwa umbo, kwa sababu binti alikuwa amemwonyesha: nafasi ya kusevu ni moja, ina ile ya zamani, je, iwekwe mpya hapo hapo?

Akafikiri kama fundi makochi anavyofikiri. Maisha yake yote watu wamemletea makochi yaliyochakaa. Mwenye haraka humwambia asivue kitambaa cha zamani, apigilie kipya juu yake. Miaka ikipita, kile kipya kikichanika, unafunua, na cha zamani kiko pale pale, maua yake yote, tena hakijapigwa na jua. Alishawahi kufunua kochi moja akakuta vitambaa vinne, kimoja chini ya kingine, na mwenye nyumba akalia kwa kuona kile cha mama yake. Hakuna kinachopotea chini ya kitambaa. Kinyozi hakujua hivyo, kinyozi kazi yake ni kukata na kufagia.

Akabonyeza ndiyo. Akazima, akafungua madirisha, akala vizuri siku ile.

Kesho yake aliwasha ili akae kijijini kidogo kabla ya kuendelea na safari. Yule mdogo alikuwa kwenye kibanda cha msituni, na muziki ulikuwa ule mzito. Fundi akazima, akawasha. Msitu. Akamtembeza kurudi nyuma mpaka ukingo wa mto. Upande wa pili aliziona paa za nyasi na mvua, ndogo sana, na muziki wa huko haukuvuka maji. Akambonyeza aende. Yule mdogo akatembea papo hapo bila kusogea.

Alichomoa memori, kile kikadi kidogo kinachotunza pale mtu alipofika, akakigeuza, akakitazama pembeni kama anatafuta ulipoanzia uzi. Hakuna mshono.

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kumwambia kinyozi kulikuwa kugumu kuliko kumeza misumari. Lakini hakuna mwingine mtaani ambaye angejua kufunua. Akaifunga mashine ndani ya sponji, akavuka.

Kinyozi alikuwa akifagia nywele. Alitazama mzigo, akamtazama fundi usoni, akaegemeza ufagio ukutani.

"Umevuka daraja."

"Nimevuka."

"Ukasevu."

"Nikasevu."

Kinyozi akageukia kioo, akashika ukingo wa meza. Chupa za spiriti zikagongana.

"Yuko chini," fundi akasema haraka. "Nimekuja unifundishe kufunua."

"Chini ya nini?"

"Chini ya hii mpya. Mimi nikipigilia kitambaa kipya, cha zamani kinabaki. Siku nyingine unakitoa tu kile cha juu..."

Hakumaliza, kwa sababu aliona uso wa kinyozi kwenye kioo. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa akimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayeuliza atatoka lini.

"Haiko hivyo, fundi."

"Haibaki hata kidogo?"

"Haibaki."

"Huna nyingine? Hukuweka mahali?"

"Nilitaka kumnunulia memori ya pili. Akakataa. Akasema mtu hukaa nyumba moja."

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kuzunguka, kikamgeuza kidogo bila yeye kutaka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alilia mbele ya mtu, na mtu mwenyewe ni huyo. Kinyozi alisimama na taulo mkononi, hajui ampe au ajifutie yeye.

"Kwa nini ulivuka?" akauliza baadaye.

"Kwa sababu wewe hukuvuka."

Kinyozi alilifikiria jibu hilo, akatikisa kichwa polepole. Hakumlaumu. Alifunga mlango wa mbele, akageuza kibao kinachosema tumefunga, ingawa ilikuwa mchana na mteja mmoja alikuwa anakuja barabarani. Akafunua pazia.

"Kijiji chenyewe kipo," akasema. "Kipo ndani ya gemu, hakufutwa mtu wa mikate. Alipofika yeye ndipo palipofutika. Tukitaka, tutaanza mwanzo."

"Nani atacheza? Umesema mikono yako mizito."

"Na yako?"

"Mimi nimekufa msituni mara nyingi."

"Basi wewe umenizidi. Mimi sijawahi hata kufa."

Wakaunga nyaya. Gemu ilipoomba jina, kinyozi akataka kuandika A tatu, fundi akakataa. Alisema hizo ni za mwenyewe. Wakabishana kidogo, wakaandika B tatu.

Mwanzo wa gemu ulikuwa shamba, na muziki wa shambani ulikuwa mchangamfu kupita kiasi. Kinyozi alishika pedi kwanza. Akamgongesha yule mdogo kwenye ua, akamrudisha, akamgongesha tena.

"Huu muziki hakuupenda," kinyozi akasema, akijaribu kuficha aibu kwa maneno. "Alisema unamsalimu mtu ambaye bado hajaamka."

"Kwangu alisema wewe unashika pedi kama unakamua nguo."

Kinyozi akaacha kubonyeza.

"Alisema hivyo? Lini?"

"Tukiwa tunakula."

"Alikuwa ananizungumzia mkila?"

Fundi alikuwa amelitoa neno lile bila kupanga, kwa kumchoma tu. Sasa akamwona kinyozi amegeuka mzima mzima kwenye benchi, miguu mirefu imekunjwa, anamtazama kama mtu aliye dirishani anavyotazama meza ya wenyewe. Akaelewa uso ule. Ndio aliokuwa akiuvaa yeye tangu siku ya nusu kipara. Miaka yote hiyo kinyozi alibaki na mabenchi na televisheni zilizozimwa, mwanamke akifunika mashine yake na kwenda kwake, kula, kuzungumza, kumnyoa mtu kichwa. Hakuwahi kujua anazungumza nini huko.

"Akasema nini tena?" kinyozi akauliza.

Fundi akafikiri. Misumari huwa haimo mdomoni wakati wa kula. Yalikuwapo mengine, na sasa kwa kuwa aliulizwa, yakaanza kumjia, moja likivuta jingine: kinyozi na woga wake wa buibui wa kwenye gemu, kinyozi na chai yake isiyo na sukari, kinyozi na sikio lake. Hakuhisi huruma sana. Alihisi utajiri, na hakuwa na haraka ya kugawa.

"Alisema una sikio zuri," akasema. "Lakini."

"Lakini nini?"

"Cheza kwanza. Tukifika kijijini nitakuambia."

Kinyozi akageukia kioo. Akabonyeza kwa nguvu mpya, yule mdogo akatoka shambani, akapita ua, akaingia barabara ya vumbi, akagonga mti.

"Taratibu," fundi akamwambia. "Usikamue."